Zana za uvuvi katika Ziwa Viktoria

Zana za uvuvi katika Ziwa Viktoria ni nyavu, ndoano, taa, mitumbwi na injini zinazotumiwa na wavuvi wadogo wa Tanzania, Uganda na Kenya katika ziwa lililo kubwa kuliko yote barani Afrika. Eneo la ziwa hilo ni kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake si kikubwa: wastani ni mita 40, na penye kina zaidi ni mita 80 tu au kupita kidogo. Samaki wake wengi huvuliwa kwa mitumbwi ya mbao yenye watu wachache, wala si kwa meli. Kwa hiyo uchaguzi wa zana haufanywi na kampuni wala mhandisi, bali na mwenye mtumbwi aliyesimama dukani Mwanza, Kisumu au Jinja na fedha ambazo mara nyingi amezikopa.

Samaki watatu ndio wanaobeba biashara yote. Sangara (Lates niloticus) ni mkubwa, hula samaki wenzake na huvuliwa zaidi kwenye maji ya wazi. Sato (Oreochromis niloticus) hupenda maji ya pembeni, penye majani na mawe. Dagaa (Rastrineobola argentea), anayeitwa omena nchini Kenya na mukene nchini Uganda, huwa chini mchana, hupanda juu usiku na hufuata mwanga. Zana inayomfaa mmoja haimfai mwingine, na makosa mengi ya ununuzi huanzia hapo.

Historia fupi

Zamani watu wa ziwa walitumia migono ya matete, mikuki, ndoano na uzio wa mafunjo uliokokotwa hadi ufukweni. Nyavu za kutega za kiwandani zililetwa katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, mwaka 1905. Zilivua ngege (Oreochromis esculentus) wengi mno, na baada ya miaka michache kila wavu ulianza kupata samaki pungufu. Mtaalamu Mwingereza Michael Graham alichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, akashauri jicho la wavu lisipungue inchi 5, yaani milimita 127. Ushauri huo ukawa sheria, kisha ukaachwa kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na wavuvi wakahamia macho madogo zaidi na zaidi. Katika miaka hiyohiyo nyavu za nailoni zilichukua nafasi ya zile za kitani na pamba, na sangara akapandikizwa ziwani. Mabishano juu ya ukubwa wa jicho hayajaisha hadi leo. Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Viktoria, iliyoundwa kwa mkataba wa nchi tatu mwaka 1994 na yenye makao Jinja, imekuwa ikijaribu kuzifanya sheria za nchi hizo zifanane.

Kuchagua wavu wa kutega

Wavu wa kutega husimama majini kama ukuta. Samaki hauoni, huingiza kichwa katika jicho, mashavu yake hupita lakini mwili haupiti, na anaporudi nyuma uzi humshika penye matamvua. Ndiyo maana ukubwa wa jicho huamua ukubwa wa samaki: mdogo hupita, na mkubwa sana hugonga pua na kugeuka.

Jicho hupimwa likiwa limevutwa, kutoka fundo moja hadi fundo la upande wa pili. Mnunuzi asiye na uzoefu hupima upande mmoja tu wa jicho, akapata nusu ya kipimo, au huamini karatasi iliyobandikwa kwenye bando. Njia ya uhakika ni kuvuta macho 10 kwa pamoja, kupima kwa rula na kugawa kwa 10. Wavu wa inchi 5 unapaswa kutoa sentimita 127 kwa macho 10. Ukitoa 115, ni wa inchi 4 na nusu, hata kama karatasi inasema vingine, na mbele ya afisa uvuvi ni rula inayohesabiwa. Kwa kuwa vipimo vinavyoruhusiwa hubadilishwa mara kwa mara na havilingani katika kila nchi, ni busara kuuliza ofisi ya uvuvi au kikundi cha usimamizi wa mwalo kabla ya kulipa, maana wavu ukikamatwa huchomwa moto na deni hubaki palepale.

Baada ya jicho huja unene wa uzi. Nyavu za nailoni huandikwa namba kama 210/9 au 210/18. Namba ya kwanza ni denia, yaani uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi mmoja mwembamba. Ya pili ni idadi ya nyuzi hizo zilizosokotwa pamoja. Uzi mwembamba hauonekani sana majini na ni laini, hivyo huvua vizuri, lakini hukatika upesi. Uzi mnene hudumu, ila samaki huuona na kuuhisi. Kwa sato wa maji ya pembeni uzi mwembamba unatosha. Anayelenga sangara mkubwa huhitaji uzi mnene zaidi, kwa sababu samaki mmoja mwenye nguvu anaweza kupasua tundu la upana wa mtu.

Zipo pia nyavu za uzi mmoja mtupu wa plastiki, unaong'aa kama ule wa mshipi. Ni rahisi, hazionekani majini na huvua sana, na hapo ndipo ulipo ubaya wake. Zimepigwa marufuku, na haiwezekani kuzishona vizuri zikichanika, kwa hiyo hutupwa. Wavu uliotupwa au kupotea ziwani haukomi kuvua: huendelea kushika samaki wanaooza bila mtu kufaidika.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni namna wavu unavyofungwa kwenye kamba zake. Bando la wavu huuzwa kwa urefu wa kuvutwa, na hakuna anayelitega hivyo. Kipande cha mita 90 kikifungwa kwenye kamba ya mita 45, uwiano wake ni 0.5, na jicho hufunguka kama almasi. Mwanafunzi anaweza kukokotoa umbo lake kwa kanuni ya Pythagoras. Jicho la milimita 127 lina pande nne za milimita 63.5. Likifunguka kwa upana wa milimita 63.5, kimo chake huwa milimita 110 hivi. Wavu wenye macho 26 kwenda chini utasimama mita 2.86, wala si mita 3.3 zinazopatikana kwa kuzidisha 26 kwa 127. Uwiano ukiwa 0.6, kipande kilekile huenea mita 54 lakini hupungua kimo hadi mita 2.64. Ukishuka chini ya 0.5 wavu huwa legelege na huwazungushia samaki badala ya kuwashika mashavuni. Huvua wa kila ukubwa, na kuwatoa ni kazi ya asubuhi nzima. Kwa hiyo wavuvi wawili walionunua bando moja dukani wanaweza kuwa na nyavu mbili tofauti kabisa majini.

Kamba ya juu hubeba maboya na ya chini hubeba chubwi za risasi au mawe. Hapa aina ya plastiki ina maana. Nailoni ni nzito kuliko maji na huzama; polietilini na polipropilini ni nyepesi na huelea. Asiyejua kamba yake ni ya aina gani akate kipande cha kidole kimoja, akifinye ndani ya maji ili hewa itoke, kisha akiachie. Kamba inayoelea ikitumiwa chini huinua wavu na kuacha nafasi ya samaki kupita.

Kasoro za nyavu

Wavu uliolala chini badala ya kusimama kwa kawaida una maboya machache, au maboya yake yamepasuka na kunyonya maji. Njia ya kujua ni kuyakamua na kuyatazama moja moja, hasa yale yaliyokatwa kutoka kandambili kuukuu, ambayo ni ya bei nafuu lakini hubonyea yakizamishwa kina kirefu kwa muda mrefu. Wavu uliojisokota kama kamba asubuhi umekosa uzito chini, au ulitegwa ukiwa umelegea mahali penye mkondo; kuongeza chubwi na kuuvuta ukaze kati ya nanga mbili hutosha.

Wavu unaochanika kila siku bila samaki wakubwa kuonekana umezeeka kwa jua. Nailoni haiozi kama pamba, lakini jua la ikweta huila polepole. Vuta uzi mmoja wa katikati na mmoja wa pembeni uliozoea kuanikwa: ikiwa wa pembeni unakatika kwa mkono na wa katikati haukatiki, tatizo ni kuanika. Dawa ni kuukausha kivulini na kuufunika. Wavu wenye utelezi wa kijani nao huacha kuvua, maana samaki huuona kama pazia. Huoshwa kwa maji matupu. Sabuni ya unga na jiki hudhoofisha uzi.

Ndoano na mshipi mrefu

Sangara huvuliwa pia kwa kamba ndefu yenye ndoano mamia, kila moja ikining'inia kwenye uzi wake mfupi. Chambo ni furu hai au vifaranga vya kambare, na mahitaji ya chambo ni makubwa kiasi kwamba baadhi ya wafugaji wa samaki huzalisha kambare kwa ajili hiyo tu.

Namba za ndoano huwachanganya wengi kwa sababu huenda kinyume: namba 12 ni ndogo kuliko namba 8, na namba 8 ni ndogo kuliko namba 4. Baada ya namba 1 hufuata 1/0, 2/0 na kuendelea, na hapo namba huongezeka pamoja na ukubwa. Tena namba za viwanda viwili hazilingani, basi ni heri kwenda dukani na ndoano ya zamani mkononi. Ndoano ndogo hushika sangara wachanga ambao hawajazaa, na wasiokubaliwa na viwanda vya minofu kwa kuwa hawajafika sentimita 50. Mvuvi hubaki akiwauza kwa bei ya kutupa.

Ubora hujaribiwa kwa kukwamisha ncha kwenye ubao na kuvuta. Ndoano nzuri hujikunja kidogo na kurudi. Ikinyooka, chuma chake ni laini. Ikikatika, kimechomwa kupita kiasi. Ndoano ikirudi bila chambo wala samaki, ncha imebutuka au chambo kimefungwa vibaya. Uzi mfupi uliosokotwa ukabaki kama waya wa simu unadai pete ya kuzunguka kati yake na kamba kuu.

Taa za dagaa

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wakati wa mbalamwezi taa haiwavuti, na wavuvi wengi hupumzika au hutengeneza vyombo. Kwa miaka mingi taa ilikuwa karabai ya mafuta ya taa iliyowekwa juu ya kielea. Sasa taa za umeme za betri na sola zimeenea, kwa sababu mafuta ya kila usiku yalikula sehemu kubwa ya mapato, na karabai moto ikirushiwa tone la maji kioo chake hupasuka.

Taa ya umeme nayo ina hesabu yake. Taa ya wati 3 ikiwaka saa 10 hutumia wati-saa 30. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa saa-ampea 7 ina wati-saa 84, lakini betri ya risasi na asidi isishushwe chini ya nusu ikiwa inatakiwa idumu. Zinabaki 42. Betri hiyo inaweza taa moja hadi asubuhi, wala si mbili. Malalamiko kwamba "taa za kisasa hazidumu" mara nyingi ni malalamiko ya betri iliyobebeshwa taa tatu. Betri iliyopumzika saa chache hupimwa kwa mita: volti 12.6 au zaidi imejaa, 12.2 ni nusu hivi, na chini ya 11.8 imekwisha. Ikionyesha 12.6 asubuhi lakini ikishuka ghafla taa inapowashwa, sahani zake zimekufa na kuichaji ni kupoteza muda. Taa inayowaka na kuzimika mtumbwi ukitikisika ina kutu kwenye viunganishi.

Mtumbwi

Mitumbwi ya kuchongwa kwa gogo moja bado ipo kwenye ghuba na mito, lakini chombo cha ziwa ni mtumbwi wa mbao wenye mkuku, ambao aina yake maarufu hujulikana kwa jina la visiwa vya Sese vya Uganda. Mafundi hupenda mvule kwa kuwa hauliwi upesi na wadudu. Mvule umekuwa adimu na ghali, na mbao laini zilizochukua nafasi yake hazidumu nusu ya umri wake.

Mnunuzi wa mtumbwi uliotumika aanze chini, penye mkuku, na pale mbao zinapokutana na mataruma. Ncha ya kisu ikizama bila nguvu, ubao umeoza hata kama umepakwa rangi nzuri. Michirizi myekundu ya kutu kuzunguka misumari huonyesha kwamba misumari haikupakwa zinki. Mtumbwi mpya kuvuja siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida, maana mbao kavu zinavimba na kujibana. Ukiendelea, lazima upigwe kalafati upya: pamba hukandamizwa kwenye nafasi za mbao, kisha hufunikwa kwa lami. Kuongeza lami juu ya pamba iliyooza, kama inavyofanyika mara nyingi, huficha tundu bila kuliziba.

Kuvuja kunakotokea tu wakati injini inakimbia hakutoki chini ya mtumbwi. Kunatoka nyuma, kwenye ubao unaobeba injini, ambao hutikiswa hadi misumari yake inalegea. Ubao huo hufungwa kwa bolti zenye vibati pande zote mbili.

Injini

Injini za kupachika za ziwani huwa na nguvu farasi 8 hadi 40, na nyingi ni za mipigo miwili kwa sababu ni rahisi kutengenezwa mwaloni. Kosa la kawaida ni kununua nguvu isiyo na kazi. Mtumbwi mzito wa mbao una kikomo chake cha mwendo, na ukifika hapo petroli ya ziada huishia kwenye mawimbi.

Kabla ya kununua ipimwe pia shingo. Injini ya shingo fupi hutaka ubao wa nyuma wenye kimo cha inchi 15, ya shingo ndefu inchi 20. Bamba lililo juu ya panga linatakiwa kuwa sawa na sakafu ya mtumbwi au chini yake kidogo, sentimita 2 hivi. Likiwa juu, panga hunyonya hewa, injini hulia sana na mtumbwi hauendi. Wengi hudhani panga limeharibika wakanunua jingine.

Injini ya mipigo miwili hupata mafuta yake ya kulainisha ndani ya petroli. Uwiano wa 50 kwa 1, unaotumika kwa injini nyingi, ni mililita 20 kwa kila lita, yaani nusu lita katika galoni la lita 25. Injini mpya hutaka mafuta zaidi katika saa zake za kwanza, kama kitabu chake kinavyoelekeza. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa ndiko kunakoua injini: mafuta yakipungua pistoni hukwama, yakizidi plagi hujaa masizi. Injini ya mipigo minne haichanganyiwi kabisa.

Injini ikigoma kuwaka, fundi mzoefu hafungui kabureta kwanza. Hutazama waya wa usalama wa kuzimia kama umechomekwa, kisha tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi kama limefunguliwa, kisha hubonyeza mpira wa kusukumia mafuta. Mpira unaobaki bapa baada ya kubonyezwa unamaanisha tangi limezibwa hewa au mpira wa mafuta umekunjika. Usiokaza hata ukibonyezwa sana unamaanisha hewa inaingia mahali. Hapo ndipo plagi hufunguliwa. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika na tatizo ni cheche, au injini imelewa. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki.

Injini inayowaka, ikaenda dakika chache na kufa, kisha ikawaka tena, mara nyingi ina maji ndani ya petroli. Mafuta kidogo yamiminwe kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi na kuachwa. Petroli ni nyepesi, itabaki juu, na maji yataonekana chini kama duara. Maji hayo huingia kwenye magaloni yanayosafirishwa visiwani bila vifuniko vizuri, na chujio la kitambaa halitoshi kuyazuia.

Kijimkondo cha maji kinachotoka nyuma ya injini, ambacho mafundi huita mkojo, kinaonyesha kwamba maji ya kupooza yanazunguka. Kikikoma, injini izimwe mara moja. Kwanza litazamwe tundu la kuingizia maji, ambalo katika ziwa hili huzibwa na magugu maji na mifuko ya plastiki. Likiwa safi, panga la mpira la pampu limekatika mbawa; ni kifaa kidogo, na mwenye injini mwangalifu hulibadilisha kabla halijafa.

Mafuta ya giaboksi yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia. Chanzo karibu kila mara ni uzi wa wavu au wa mshipi uliojizungusha kwenye mhimili nyuma ya panga na kula sili yake. Kulitoa panga kila wiki na kuukata uzi huo ni kazi ya dakika kumi. Giaboksi mpya inaweza kumeza mapato ya miezi.

Vifaa vya dharura

Usiku hewa baridi ya nchi kavu hutoka pande zote na kukutana juu ya maji yaliyo vuguvugu, na hapo huzaliwa dhoruba zenye radi na upepo wa ghafla. Saa za dhoruba ndizo saa za wavuvi wa dagaa na wa sangara kuwa majini, mara nyingi mbali na kisiwa chochote. Jaketi la kuokolea maisha linalochaguliwa liwe na ukubwa wa mvaaji na mikanda inayofungika. Lililochakaa hujaribiwa kwa kulizamisha ufukweni likiwa na jiwe, maana sponji iliyolowa haielei. Jaketi lililofungiwa chini ya nyavu halifai kitu mtumbwi ukipinduka.

Injini isiwe tegemeo pekee. Kasia mbili, kopo la kukumbia maji lililofungwa kwa kamba, plagi ya akiba na spana yake, tochi, na simu ndani ya mfuko usioingiza maji hupata nafasi katika mtumbwi wowote. Nanga iwe na kamba ndefu kuliko kina, mara tatu hivi au zaidi, ili ivutwe kwa pembe na kushika tope. Katika upepo mkali injini ikiwa imezimika, hufungwa omo, yaani mbele, ili mtumbwi uyakabili mawimbi kwa pua. Ikifungwa nyuma, penye uzito wa injini na ubao mfupi, maji huingia kwa mawimbi machache tu.